Mandolini ya Mahari

Ukitaka kukosana na Mumina, mtajie mahari yake. Anauza maziwa kando ya barabara hapa Garsen, ni mcheshi, atakukopesha hata kama deni la juzi hujalilipa, lakini hapo usimguse. Wasichana wa Kiorma wa rika lake waliolewa kwa ng'ombe. Yeye aliolewa kwa mandolini.

Marehemu mumewe, Fumo, alikuwa Mswahili wa Kipini, mpigaji wa taarabu harusini, mtu wa maneno matamu na mfuko mtupu. Alipokuja kuposa, wazee walimuuliza ana nini. Akaiweka mkekani mandolini yake, ala ndogo ya nyuzi yenye mgongo wa duara, akaapa kwamba ni orijino, imetoka Ulaya enzi za babu yake, na thamani yake inazidi ng'ombe watano. Wazee wakatazamana. Mumina alikuwa nyuma ya pazia, mapenzi yamemfika kooni, akatuma neno kwamba amekubali. Mahari ni haki ya mwanamke, na mwenyewe akikubali, nani tena wa kukataa? Ndoa ikafungwa. Tangu siku ile Fumo hakutoka na mandolini kwenda harusini bila kumwomba ruhusa mwenye mali, na mwenye mali alikuwa mkewe.

Aliyekataa kuyameza hayo ni Duba, kaka mkubwa wa Mumina, dalali wa ng'ombe. Miaka yote ile alimwita dadake "mke wa kijiti." Fumo alikuwa akicheka. Mumina hakucheka hata mara moja. Mwaka jana Fumo alifariki, na eda ilipokwisha tu Duba akaanza tena: mwenye maneno ameondoka, sasa na tuujue ukweli. Mumina akapandwa na hasira, akamwita Nabil, fundi wa Lamu anayetengeneza na kununua ala za muziki za zamani. Hakuwa na nia ya kuuza. Alitaka kitu kimoja tu, amsikie mtu anayejua akitamka mbele ya Duba kwamba Fumo hakumdanganya.

Nabil alishuka basi njia panda ya Minjila jua likiwa utosini, akaletwa kwa bodaboda, akanywa chai yake bila haraka. Kisha akaipakata mandolini. Akaigongagonga mgongo kwa kidole, akaitazama shingo kwa jicho moja, akamulika tundu lake kwa tochi ya simu. Duba alichuchumaa mbele yake kama yuko mnadani.

"Hii kitu miaka yake unajua namna gani?" Duba akauliza. "Haina meno."

"Mbao zenyewe husema, mzee wangu. Na ikiwa orijino, kila inavyozeeka ndivyo bei inavyopanda."

"Inazeeka, bei inapanda?"

"Naam."

"Na ikitengenezwa ikawa mzuri?"

"Hapo hushuka. Heri hata ingekaa na vumbi lake."

Duba akamgeukia dadake, akamuuliza kwa Kiorma huyu kijana amekula nini njiani.

Mumina alikuwa akimtazama Nabil usoni. Fundi aliinamisha pua kwenye tundu la mandolini, akanusa, akanusa tena.

"Mamangu, hapa pana shida," akasema. "Hii imefukizwa moshi. Wanaoghushi hufanya vivi hivi. Huchukua mandolini mpya, wakaifukiza, wakaipaka mafuta, rangi ikakoza, mnunuzi akadhani ni ya kale. Na ile karatasi ya kiwanda iliyobandikwa ndani imekuwa nyeusi yote, haisomeki hata herufi."

Duba akapiga paja. Alikuwa ameingojea siku hii tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Nimeifukiza mimi," Mumina akasema.

Ikabidi aeleze, tena kwa aibu, kitu ambacho hakuwahi kudhani kingehitaji maelezo. Kwao, chombo cha maziwa cha mti kisipofukizwa na kupakwa samli hupasuka, huingia wadudu, hunuka. Mwanamke asiyevifukiza vyombo vyake huitwa mvivu, na jina hilo humfuata mpaka kwa wakwe. Mandolini nayo ni mti, na ilikuwa yake. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikipita, aliwasha vijiti vyenye harufu nzuri, akaigeuzageuza juu ya moshi, kisha akaisugua kwa samli mpaka iwake. Nani angeiacha mahari yake iliwe na wadudu?

Nabil aliilaza mandolini mkekani taratibu.

"Basi sina la kusema, mamangu. Moshi wao na moshi wako ni mmoja. Huenda ni orijino kweli, na ingekuwa haikuguswa ingenunua ng'ombe zaidi ya hao watano. Huenda ni feki. Sasa hapana awezaye kujua."

Akawa kama anayetaka kuaga, kisha akasita. "Mzee Fumo alikuwa akikuona?"

"Alikuwa akinipulizia moto."

"Hilo ndilo linalonitatiza. Hapana mpigaji asiyejua kwamba samli huiua sauti ya mandolini. Mwenye orijino hakubali hata iguswe na mkono wenye maji. Yeye aliachaje?"

Nabil aliondoka, swali akaliacha pale pale.

Mumina alikaa akawaza mpaka maziwa ya jioni yakachelewa kwenda barabarani. Aliukumbuka mwaka wa kwanza wa ndoa. Fumo alikuwa ametoka msikitini, akamkuta ameshaiweka mandolini juu ya moshi. Alisimama mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akaketi karibu yake, akaanza kuupuliza moto. Baadaye aliipiga, ikatoa sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua, naye akasema, "Sasa imependeza." Mumina alilala na furaha siku ile.

Sasa mdomo ule uliofunguka na kufungwa haukumwacha. Je, ulikuwa wa mtu aliyeona mali ya babu yake ikiharibika, akameza maneno asije akamvunja moyo bibi arusi? Au ulikuwa wa mwongo aliyemshukuru Mungu kwamba uongo wake unafunikwa na moshi, tena kwa mkono wa mkewe mwenyewe? Akilishika hili, lile linamvuta. Akilishika lile, anaona haya kumdhania marehemu mabaya.

Mwishowe akamuuliza Duba, kwa kuwa Duba amewajua wauzaji wa kila namna. Safari hii Duba hakucheka.

"Mwenye ng'ombe mgonjwa hakuruhusu uingize mkono mdomoni," akasema. "Atakwambia ng'ombe mkali, atakwambia kesho. Fumo alikuachia uifanye utakavyo. Mtu huyo hakuwa na cha kuficha."

Mumina akaanza kutabasamu. Lakini mdomo wa Duba haujui kupumzika. "Au alikuwa mjanja kuliko mimi," akaongeza, "na mjanja kuliko mimi bado sijamwona."

Tabasamu likakatika. Kutwa nzima Mumina alikuwa akiwauliza watu jambo ambalo mjuzi wake ni mmoja. Akajikuta ameinuka, anaelekea chumbani, swali liko tayari mdomoni: ile siku ulisimama mlangoni, ulitaka kusema nini? Alifika kizingitini ndipo akakiona kitanda, kimetandikwa, hakuna mtu.

Eda yote watu walimsifu kwa subira. Sasa aliketi pale pale kizingitini akalia kwa sauti, mpaka majirani wakachungulia. Duba aliiokota mandolini mkekani, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akabaki amesimama nayo katikati ya nyumba bila kujua aiweke wapi.