Kichwa cha Nusu

Mtoto akicheza, wembe ulale. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Feruzi, kinyozi wa mtaa wa Tshopo aliyetoka Maniema, na kwa miaka tisa hakuivunja.

Kwake mtoto hakuketishwa kitini. Alipakatwa na mama yake. Kwanza Feruzi aliichezesha mashini ya mkono ya kunyolea kwenye kiganja cha mtoto, aisikie inavyotekenya, ndipo aipandishe kichwani. Mtoto akigeuka mara tatu, vyombo viliwekwa chini: "Bon, murudi kesho." Ndiyo maana mtaani walionekana watoto walionyolewa upande mmoja, na wenzao wakiwazomea, "Kichwa ya Feruzi! Leo nusu, kesho nusu!" Feruzi hakujali. Nywele huota, sikio halioti.

Jumamosi moja ya mwaka 1956, Clothilde, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, alimleta mwanawe Emile, wa miaka minne, ambaye angebatizwa kesho yake. Mashini ilimaliza utosi na kisogo vizuri. Zikabaki nywele za nyuma ya sikio la kushoto, na hizo ni za wembe. Hapo Emile akaanza kujipinda kama kambare. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Feruzi akaukunja wembe.

"Mama Emile, murudi kesho."

"Kesho saa ngapi, papa? Kesho iko ubatizo! Padri atabatiza nusu ya mutoto, nusu abakie mupagani?"

Wanaume waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Karani mmoja, Hilaire, akaongeza chumvi: "Papa Feruzi, unaogopa mutoto? Donc sisi wenye ndevu tutafute kinyozi mwanaume!"

Feruzi aliona haya. Si tamaa wala hasira iliyomponza, ni haya tu, na kanuni nyingi za watu wema huvunjwa hivyo.

Akaukunjua wembe. Kwa kidole gumba cha kushoto akalikunja sikio mbele na kulikinga. Akapitisha wembe mara moja, salama. Alipopitisha mara ya pili, unywele ulimwingia Emile puani, akapiga chafya. Kichwa kikaruka. Wembe ukazama.

Damu ikalifunika sikio, ikachirizika mpaka kwenye kitenge cha mama.

"Sikio!" Clothilde akapiga yowe. "Sikio ya mutoto wangu!"

Hakuna aliyecheka tena. Feruzi hakusikia maumivu. Aliona damu tu. Akachukua kopo la maji, akamwaga, akafuta, akatazama. Sikio lilikuwapo, zima, bila mchubuko. Akafuta tena, maana hakuyaamini macho yake.

"Papa," alisema Emile, ambaye hata kulia hakulia, "damu iko ya mukono yako."

Kweli, wembe ulikuwa umepita kwenye kidole gumba mpaka mfupani. Feruzi akaketi chini juu ya nywele za watu, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Alhamdulillahi! Iko yangu, Mama Emile! Iko yangu!"

Clothilde alimpapasa mwanawe masikio, hili na lile, kisha tena hili. Halafu akararua ukingo wa kitenge chake, akamfunga kinyozi kidole.

Emile alibatizwa akiwa na kishungi nyuma ya sikio. Kanuni nayo ilirudi siku ile ile ya damu. Miezi miwili baadaye Hilaire alimleta binti yake Claudine; mtoto akageuka mara tatu, na baba akarudi naye nyumbani na kichwa cha nusu.

Jeraha lilipona, lakini kidole hakikukunjika tena. Kinyozi huvuta ngozi ya shavu kwa kidole hicho ili wembe upite. Tangu siku ile Feruzi hakunyoa ndevu za mtu yeyote.