Vitundu Nilivyoviziba

Fundi wa Kasulu hana neno "sijui". Mpelekee redio, atafungua. Mpelekee saa, atafungua. Mpelekee ndege, ataomba bisibisi. Simsengenyi mtu hapa, maana fundi mwenyewe ni mimi.

Kibanda changu kiko karibu na soko, natengeneza bomba za kunyunyizia dawa na majiko ya gesi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amepata kazi kule ziwani Kigoma ya kuzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi ambao matajiri huwatazama tu bila kuwala. Sisi wa milimani tulimcheka sana. Mtu kazaliwa Kitahana kwenye mihogo, leo anabeba mtungi wa hewa mgongoni kufukuza samaki wasioliwa!

Siku moja akaja na regyuleta yake, ile sehemu ya chuma inayofungwa shingoni mwa mtungi. Ilikuwa inavujisha hewa. Akanieleza kwamba mtungini hewa imeshindiliwa kwa nguvu ya kupasua mapafu, hivyo chuma kile huipunguza mara ya kwanza, kwa pistoni na springi, kabla haijaingia kwenye mpira kwenda mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Oringi, kile kipete cha mpira kinachozuia hewa isivuje, ilikuwa imelika, nikaibadilisha. Hapo ningeishia.

Lakini niliona vitundu ubavuni, vinavyopitisha maji mpaka kwenye springi. Kwa fundi wa bomba, tundu ni kasoro. Nikaviziba vyote kwa gundi ya chuma, nikapiga msasa, nikaijaza hewa na kuizamisha kwenye ndoo. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Nimekuongezea ufundi wa bure," nikamwambia. "Maji hayaingii tena."

Alikuwa anawahi basi, hakuitazama. Aliniamini.

Baada ya wiki alirudi na dada.

"Mwakeye, fundi," dada akanisalimu kwa Kiha, na hilo "fundi" alilitamka kama anatema kitu kichungu.

Shemeji akasimulia taratibu. Juu juu hewa ilikuja vizuri. Alivyozidi kushuka, pumzi ikazidi kuwa nzito. Kule kwenye miamba alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote na kupata kidogo tu, na kupanda kwa pupa ni hatari. Alipanda hivyo hivyo, polepole, akivuta.

"Maji uliyoyazuia ndiyo yanayoisaidia springi," akasema. "Nikishuka, ziwa linanibana kifua. Maji yakipita kwenye vile vitundu, chuma kinajua nimebanwa, kinaniongezea hewa. Wewe umekifumba macho, shemeji. Niko chini kule, chenyewe kinadhani bado kiko kwenye ndoo yako."

Niliona aibu, na hofu ikanipata wakati huo, wiki nzima baada ya wakati wake.

Dada akanisogezea sindano. Nikachokonoa gundi mchana kutwa, yeye amekaa kwenye kigoda changu, anatazama mikono yangu. Nilipomaliza tundu la mwisho akauliza, "Sasa itampa pumzi?"

Nikaigeuza ile regyuleta. Nikamtazama shemeji.

"Sijui," nikasema.

Dada akaichukua, akaifunga kwenye kanga. "Basi haingii majini mpaka nimpate anayejua."