Siku Bibi Alipokuja Kwenye Kura

Mvua za mwaka jana zilinikuta Nyamwaga nilikokulia, mahali ambapo sikuwa nimelala kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha chai, viatu vimejaa tope, likapita gari lenye vipaza sauti likiwahimiza watu wajitokeze kupiga kura. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Mama muuza chai akaniuliza, "Mzee, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Kilikuwepo, ila yeye alikuwa na wateja wa kuhudumia. Acha nikusimulie wewe.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Mugumu, nimekaa Machochwe nikilinda mashamba dhidi ya wanyama wa porini, nimevuka Sirari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini katika miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya kati, na nilikuwa na hamu moja tu: kubaki shuleni. Shule ilikuwa kilima cha pili kutoka nyumbani kwetu. Nilianza safari wakati bibi akikamua ng'ombe wa mwisho, nikapita kati ya migomba yenye umande, nikafika kaptula imelowa mpaka kiunoni. Kabla ya masomo tulifagia uwanja, tukachota maji mtoni, tukamwagilia vitalu vya kabichi. Mpaka leo nikisikia harufu ya majivu na udongo mbichi, naisikia na kengele yetu, kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa jiwe.

Kati ya walimu wote, niliyempenda ni mwalimu wa uraia na biashara. Alitoka mbali, upande wa kusini, na hakujua Kikurya hata neno la kuombea maji. Alitufundisha habari za baraza, kazi za bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, kodi inakotoka na inakokwenda. Alikuwa akisema, "Raia ni mtu anayeulizwa na anayeuliza. Ukiulizwa tu, wewe ni mfungwa." Mchana alifungua kabati lililokuwa pembeni mwa darasa, ambalo ndilo lilikuwa duka letu la ushirika: sabuni, chumvi, madaftari, nibu za kalamu. Tulijitengenezea mizani kwa ubao na kamba. Yeye mwenyewe alijifanya mteja mkorofi, akabonyeza sabuni, akainusa, akailaumu, mpaka muuzaji apandishe hasira, hapo alicheka na kusema, "Umeshanipoteza. Nimekwenda duka la jirani." Na tulipoanza kuwapendelea wenzetu wa ukoo mmoja, alituambia jambo ambalo sijalisahau: "Mteja akija, usimwulize ukoo wake. Mwulize anataka nini."

Sasa, shida ilianza pale kaka yangu mkubwa alipokwenda Kericho kuchuma chai. Ng'ombe wakabaki bila mchungaji. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita tata, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitazama siku mbili, siku ya tatu akasema muhula ukiisha nami nimeishia hapo. Mwalimu alipopata habari, alikuja nyumbani kwa baiskeli. Akapewa kigoda na kibuyu cha uji wa wimbi.

"Mzee, huyu kijana ana akili," alisema.

"Akili hizo umeziona wewe," tata akajibu. "Mimi naona mtu aliyepoteza ndama kwa sababu alikuwa akisoma karatasi ya kufungia sukari."

Mwalimu akacheka, tata hakucheka. Aliuliza, "Na wenzake je? Wao wanamwonaje?"

Hapo mwalimu akaona njia. Akaeleza kwamba Ijumaa darasa litamchagua mwenyekiti wa ushirika, na kwamba mimi ni mmoja wa wawili waliopendekezwa. Tata akanywa uji wake taratibu, akafuta mdomo.

"Wakimchagua, abaki," alisema. "Wasipomchagua, basi ng'ombe wamekwisha kumchagua."

Mpinzani wangu alikuwa kijana mkubwa kutoka Nyanungu, mpole, mwenye kifua kipana. Yeye alikuwa ametoka jandoni mwaka uliotangulia, mimi bado. Kwetu jambo hilo si dogo. Aliyetahiriwa hunawa kwanza, huketi kwanza, na mkono wa ambaye bado haumtangulii kwenye chungu. Mwalimu hakuyajua hayo, na hakuna aliyefikiri kumwambia. Yeye alihangaika na siri ya kura. Akaamua kwamba badala ya karatasi, ambazo angeweza kutambua miandiko yake, kila mwanafunzi atapewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni mimi, haragwe ni yule wa Nyanungu. Utapita nyuma ya ubao, utatia punje uliyoichagua kwenye chungu, iliyobaki utaitupa kwenye debe.

"Wewe hindi, Ijumaa tunakusaga!" mpinzani wangu alinitania njiani.

"Na wewe haragwe utawaumiza matumbo," nikamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuona usingizi. Asubuhi nilimweleza bibi yangu, mama yake tata, kwamba leo shuleni kuna kura. Nilisema kwa Kikurya, lakini neno lenyewe nililisema kwa Kiswahili, kwa kuwa kwetu halikuwepo. Hapa inabidi uelewe kitu. Ulimi wetu hauna kazi na herufi "l". Kila penye "l" sisi huweka "r". Kiswahili cha bibi kilikuwa cha mnadani, na katika Kiswahili hicho kura ni kutia chakula mdomoni. Akasikia kwamba shuleni kuna chakula. Akanishika bega.

"Ukifika kwenye kura," alisema, "usijitangurize. Mpe mkubwa wako kwanza. Usinitie aibu."

Nikacheka, nikaondoka mbio. Sikumsahihisha, nilikuwa nachelewa.

Tulikuwa thelathini na mmoja. Tulikuwa tumekwisha kupanga mstari nje ya darasa pale nilipomwona bibi akipanda kilima, amevaa kanga yake ya kwenda kanisani, na bakuli lake kwapani. Wenzangu wakaanza kuminyana. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kura," alisema bibi.

Mwalimu alifurahi sana. Alidhani mzazi amekuja kushuhudia uraia ukifanya kazi. Akamletea kiti, akakiweka ndani, karibu kabisa na ubao. Bibi akaketi, bakuli mapajani, akitazama mstari ukiingia na kutoka.

Zamu yangu ilipofika nilipita nyuma ya ubao nikiwa na punje zangu mbili kiganjani. Nilijua tofauti ya kura na kula. Nilikuwa wa pili darasani. Nilijua tata amesema nini. Nilileta punje ya hindi mpaka mdomo wa chungu. Ndipo nikamsikia bibi akikohoa upande wa pili wa ubao, kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesubiri. Na ghafla chungu kilikuwa chungu cha nyumbani, punje zilikuwa chakula, na mkubwa wangu alikuwa hajapewa. Niliona aibu kana kwamba nimeshikwa nikijipakulia nyama mbele ya wageni. Nikatia haragwe. Hindi nikalitupa kwenye debe, nikatoka nimeinamisha kichwa.

Mwalimu alimimina punje juu ya meza, watu wote wakaona. Bibi akainuka, akachungulia.

"Chakura chenyewe ndiyo hiki?" aliuliza. "Na watoto wote hawa?"

Darasa zima lilicheka mpaka mwingine akaanguka kwenye benchi. Mwalimu ndipo alipoelewa, akamwomba radhi, akamtuma mpishi amletee bibi viazi vilivyokuwa jikoni. Kisha akahesabu. Haragwe kumi na sita. Mahindi kumi na matano. Akahesabu tena, polepole, akizigusa kwa ncha ya kalamu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Yule wa Nyanungu alikuja kunipa mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho kuliko wangu.

Tulirudi nyumbani pamoja, bibi na mimi. Alibeba viazi vitatu kwenye bakuli, amewawekea wajukuu wadogo. Njiani alinisifu kwamba nilikuwa na adabu, hakuniona nikikimbilia kitu. Tata alikuwa zizini. Nikamwambia, "Wamemchagua mwenzangu." Hakunigombeza. Alichukua fimbo ya kaka yangu iliyokuwa imechomekwa kwenye paa la ghala, akanipa.

Miezi michache baadaye mwalimu alihamishwa. Alipita na baiskeli yake, sanduku limefungwa nyuma, akaniona malishoni, akashuka. Alizungumza habari za nyasi na mvua, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Ulijipigia?"

"Hapana, mwalimu."

Ng'ombe mmoja akaja kunusa sanduku lake, hakumfukuza.

"Niliwafundisha kuchagua," alisema mwishowe. "Sikuwafundisha kwamba mtu anaruhusiwa kujichagua. Nilidhani kila mtu anajua."

Akapanda baiskeli. Sikumwona tena.

Ile shule sasa ni shamba la mahindi. Nilizunguka pale asubuhi ile baada ya chai, nikitafuta hata msingi, nikapata mawe mawili. Kijana wa Nyanungu alikuja kuwa mfanyabiashara mzuri huko Tarime, watu walimsifu kwa kutobagua mteja. Naye amekwisha kutangulia. Maisha yangu siyalaumu. Nimeona mengi ambayo mwenyekiti asingeyaona, na karatasi za kufungia sukari sijaacha kuzisoma.

Jambo moja tu. Tata alifariki akiamini kwamba wenzangu walinipima wakaniona sifai. Aliwahi kulisema mbele ya wageni, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua ilichelewa mwaka fulani. Nilikuwa na la kumjibu. Lakini kumwambia ukweli kungekuwa kumlaumu mama yake, naye bibi alikuwa ameketi palepale jikoni akichambua wimbi, akijivunia mjukuu wake mwenye adabu. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kunywa uji. Sasa wote wawili hawapo. Sina tena wa kumficha, na wa kumwambia pia sina.