Jinsi tulivyoungana na wanafunzi wa chuo ili kijiji chetu cha Uluguru kisihamishwe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu kama bado mmo humu, shikamooni. Vijana, marahaba naitoa mapema.

Nimeona kijana analalamika kwamba vyama vya wanafunzi vyuoni havifai kushirikiana navyo, vinapenda picha na soda tu. Nikacheka sana.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza. Na pale nilipokosea mimi, nitasema.

Ilikuwa miaka ya sabini, enzi za operesheni za vijiji. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, katibu wa kijiji chetu kule juu milimani.

Siku moja akapanda bwana mmoja kutoka wilayani, kwa miguu, viatu mkononi. Akatuambia udongo wenu wote unaishia mtoni. Msipouzuia kabla ya masika, mtahamishiwa tambarare, upande wa Dakawa.

Dakawa! Watu wa kabichi na njegere tukalime mpunga kwenye joto lile? Na makaburi ya ukoo tumwachie nani?

Siku ile nilimwona mama yangu akilia mbele za watu kwa mara ya kwanza. Inaniuma mpaka leo.

Nikateremka mjini, kwenye kampasi ya kilimo. Siku hizi mngeiita partnership, mngeandika na proposal ya kurasa thelathini. Mimi nilikwenda na barua ya mistari sita na kikapu cha karoti.

Viongozi wa serikali ya wanafunzi walinipokea vizuri mno. Chai, mkate, na hotuba juu ya mkulima na mfanyakazi. Mwenyekiti wao aliongea mpaka chai ikapoa.

Jumamosi wakaja kweli, kama arobaini hivi, wanahema. Wakaimba. Kisha mwenyekiti akapanda juu ya jiwe: "Ndugu wananchi, tumekuja kuwachimbia matuta ya ngazi!"

Wakuu, watu walinyanyuka kama walioambiwa nyuki hao.

Ngoja niwaeleze. Enzi za mkoloni wazee wetu walilazimishwa kuchimba hizo ngazi. Asiyechimba anashtakiwa. Udongo mzuri ukafukiwa chini, ukabaki mwekundu usioota kitu. Kwetu neno "ngazi" lilikuwa tusi.

Na mimi, katibu, mtoto wa hapo hapo, sikuwaonya! Kosa langu hilo, simsingizii mtu.

Tena mwenyekiti aliomba shamba la kuanzia kwa wanaume. Waluguru mliomo humu mnanielewa. Kwetu ardhi inapita upande wa mama. Wale wanaume waliokuwa wanaitikia kwa vichwa kwa heshima hawakuwa na hata tuta moja la kutoa.

Msafara ukateremka na nyimbo zake. Nikajua tumekwisha.

Akabaki nyuma kijana mmoja mwembamba, mtu wa Ngerengere. Nitamwita Hamza. Alikuwa katibu wa chama cha wanafunzi wa kilimo.

Akaniuliza, "Ndugu katibu, shamba lile pale juu la nani?"

Nikamwambia la mama mkubwa wangu, Paulina. Akasema nipeleke.

Tulimkuta anapalilia, hata kichwa hakuinua. Hamza akachuchumaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe ni wa ngazi?"

"Hapana mama. Nimekuja kuuliza kwa nini njegere zako za chini zimenenepa kuliko za juu."

"Wewe mtoto wa chuo hujui? Udongo umeteremka, umeniachia mawe."

"Je, tukiuwekea kizuizi hapa katikati?"

Mama mkubwa akasimama, akashika kiuno. "Usinifukie udongo wangu mweusi. Ukiufukia, nakufukia na wewe!"

Jumamosi iliyofuata Hamza akaja na watu kumi na wawili tu. Wa chama chake, wachache wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, na wanakwaya wa wanafunzi Wakatoliki. Hotuba hakuna.

Wakafunga fito tatu kama herufi A, jiwe likaning'inia kwa uzi, wakapima mstari sawa kuzunguka mlima. Udongo mweusi wakauweka pembeni kwanza, wakasawazisha chini, wakaurudisha juu. Ukingoni wakapanda majani ya tembo.

Mama mkubwa aliwasimamia mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hii siyo ngazi. Hiki ni kitanda. Mmenitandikia."

Jina likashika hapo hapo! Wiki ya pili wanawake majirani wakaanza kuniuliza, "Katibu, na mimi natandikiwa lini?"

Kule bwenini nasikia utani ulikuwa hauishi, watu wazima kwenda milimani kutandika vitanda. Lakini walikuja, kila Jumamosi wanaongezeka. Hata mwenyekiti alirudi, safari hii na jembe. Nikampenda kwa hilo.

Masika yakaingia. Mvua ikapiga siku tatu mfululizo.

Asubuhi ya nne nikakimbilia kijito, roho mkononi. Maji yalikuwa meupe, mawe ya chini yanaonekana. Nilipiga kelele peke yangu kama kichaa!

Bwana wa wilayani akapanda tena. Akapita kitanda kwa kitanda. Akachota maji kwa kiganja, akanywa. Akanigeukia: "Katibu, andika. Kijiji hiki kinabaki."

Mama yangu alipiga kigelegele, kikaitikiwa mlima wa pili.

Funzo langu ni hili. Ukienda chuoni kutafuta washirika, usiishie kwa mwenyekiti. Tafuta chama ambacho kazi yako ndiyo kazi yao, hata wakiwa wachache. Na waambie mapema neno gani kwenu halitamkwi na shamba ni la nani, maana mgeni hawezi kujua usichomwambia.

Haya, mliowahi kufanya kazi na vyama vya wanafunzi, ninyi mlikwamia wapi? Semeni. Wa kubeza ujamaa nao wakaribie, tutabishana kistaarabu.

Nawaandikia nikiwa huku huku juu. Mama na mama mkubwa walishatangulia. Tumewazika hapa, pamoja na mama zao.