Gari Lililotaka Watu

Gari langu halina springi za chuma kwa nyuma. Lina mifuko miwili ya mpira iliyojaa hewa, na kompresa ndogo iliyofichwa chini ya sakafu. Watu wakipanda, makalio ya gari hushuka, kompresa hunguruma kidogo, kisha gari hujiinua lenyewe mpaka nyuma ilingane na mbele. Watu wakishuka, linapumua ile hewa ya ziada na kurudi lilivyokuwa. Marehemu mume wangu alilichagua kwa sababu ya mgongo wake, na kwa sababu siku hizo nyumba yetu ya Kitengela ilikuwa na watu na kila Jumapili tulikwenda kanisani tumebanana. Sasa naendesha mimi, na nyuma hakuna mtu.

Ugonjwa wa gari hili ulijitokeza mara moja tu, mbele ya watu ambao sikutaka wauone.

Binti yangu anaishi ng'ambo na mumewe na watoto wao wawili. Walipokuja mara ya mwisho, nilikwenda uwanja wa ndege kuwapokea. Wakwe zake wa Nkoroi nao walikuja, wamekodi gari refu, wanacheka kwa sauti kama watu wa harusi. Wajukuu wakapanda kwangu, binti akapanda, mumewe akapanda, mabegi yakaingia. Nyuma ikashuka. Kompresa ikanguruma, ikanguruma, ikanyamaza, na gari halikuinuka. Matairi yalikuwa yanagusa bodi. Mama mkwe wa binti yangu akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, "Wacha walale kwetu leo tu. Ukishatengeneza gari watakuja." Hiyo leo tu ikawa likizo nzima. Kwangu walikuja siku moja, wakala chakula cha mchana na kuondoka. Nilikuwa nimetandika vitanda vyote.

Kwa hiyo binti yangu aliponiandikia mwaka huu kwamba anakuja, nilijiapiza. Atakayewatoa uwanjani ndiye atakayekaa nao, na safari hii atakayewatoa ni mimi.

Shida ni kwamba gari likiwa tupu lilikuwa zima. Nililipima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, kulia na kushoto, jioni na asubuhi, na halikushuka hata upana wa kidole. Fundi wa kwanza aliniambia niache kusumbua kitu kisichoumwa. Wa pili akasema, "Mama, toa hii mambo ya hewa, weka spring. Pickup za huku zinabeba ng'ombe na spring." Nikamwambia sibebi ng'ombe. Nikaenda hadi Kajiado, kwa mtu niliyeambiwa ana mashine ya kusoma magari. Akaichomeka, tukasubiri, mashine ikasema hakuna kosa. Nilirudi peke yangu na ile barabara ndefu, gari limetulia vizuri kabisa, na kadiri lilivyotulia ndivyo nilivyozidi kukasirika. Ukiwa na shida inayotoka tu mbele ya watu, nawe huna watu, nani atakuamini?

Fundi wa tatu ana yadi kando ya barabara ya Namanga, ukishatoka Kitengela kidogo. Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi hawapendi.

"Siku hiyo ulikuwa umebeba watu wangapi?" akauliza.

"Wanne, na mabegi."

"Basi kesho kuja na watu wa nyumbani. Wakae nyuma, mimi niangalie."

Nikasema sawa, nikaenda nyumbani kutafuta watu wa nyumbani.

Nilikaa jikoni na simu, nikapitia majina. Wanangu wa kiume wana kazi zao mbali. Jirani wa kushoto huondoka na giza na kurudi na giza. Wa kulia tumepungiana mikono getini miaka yote hii na jina lake silijui. Kuna wenzangu wa kanisani, lakini ningewaambia nini? Njooni mkae ndani ya gari langu? Mtu anaweza kuomba unga au kuomba maombi. Kuomba watu wa kukukalia viti ni kujianika. Nilizima simu, nikajaza mitungi ya maji. Kitengela hakuna nyumba isiyo na mitungi, maana maji ya mfereji huja yakitaka. Niliipanga kwenye kiti cha nyuma, nikaifunga mikanda isianguke, nikaondoka polepole na familia yangu ya mitungi ya manjano.

Fundi alifungua mlango, akaitazama mitungi, kisha akanitazama mimi. Hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Gari lilikuwa limejiinua na kulingana kama kawaida. Tulipuliza maji ya sabuni ya vyombo kwenye mifuko na kwenye paipu zake, tukangoja mapovu, hayakuja. Akasema labda ni kompresa imechoka. Akabadilisha fyuzi, akasema labda ni sensa inayopima urefu. Akaisafisha sensa, akaanza labda nyingine, nikamwambia gari langu si shule ya kujifunzia.

Akajifuta mikono. "Mama, hii maji imekaa tu. Mtu anapanda, anasonga, anashuka. Hakuna watu nyumbani?"

"Hakuna," nikasema.

Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu mazishi ya mume wangu, lakini sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo. Lilinitoka pale yadini kwenye harufu ya oili, mbele ya mtu nisiyemjua. Nikajifanya naangalia tairi.

Fundi aligeuka, akaita. Akaja mama anayeuza chai na mandazi hapo yadini. Akaja dada mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake lipigwe rangi. Mwisho akaja mzee wa Kimaasai, mnene, mwenye shuka na fimbo, ambaye pickup yake ilikuwa imefunguliwa injini.

"Supa," akanisalimu.

"Ipa," nikaitikia. Kimaasai changu kinaishia hapo.

Akaenda moja kwa moja mlango wa mbele. Fundi akamwambia, "Mbele hapana, mzee. Leo tunataka uzito nyuma."

"Uzito niko nayo," mzee akasema, akazunguka.

Tulishusha mitungi, wakapanda mmoja mmoja. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi kando ya gurudumu la kushoto, nimeshika chupa ya sabuni, nguo yangu ya kutokea imeharibika. Mama wa chai alipokaa, kompresa ilinguruma. Dada alipokaa, mpira ulijikunja mbele ya macho yangu. Mzee naye akapanda, akasogea huku na huku apate mahali pa fimbo yake, na hapo nikasikia hewa ikitoka, fupi, kama mtu anayesonya. Nikapuliza sabuni. Kwenye mkunjo wa chini wa ule mfuko yakatoka mapovu.

Ulikuwa ufa mwembamba tu. Gari likiwa tupu, au likiwa na mzigo usiosogea, mpira unaukalia ule ufa na hewa haitoki. Watu wakipanda na kusogea, mpira unajiviringisha, ufa unafunguka, na kompresa inajaza gunia lililotoboka mpaka inachoka.

"Usipoziba ufa," fundi akaanza.

"Utajenga ukuta," mama wa chai akamalizia kutoka ndani ya gari, "na mimi niko na chai motoni."

Mfuko mpya ulitoka mjini, ukafungwa. Fundi akasema ni lazima tujaribu na uzito ule ule, kwa hiyo akawaita tena, kwa bahati pickup ya mzee bado ilikuwa imelala na gari la dada halijakauka rangi. Safari hii niliendesha mimi, fundi kando yangu ametega sikio, wale watatu nyuma. Tulielekea Kisaju. Mama wa chai alimsema mwenye nyumba wake kutoka tulipoanza. Dada alimjibu kwamba wenye nyumba wote ni mtu mmoja. Mzee alitazama majani makavu nje, akasema mvua imetudanganya, kisha akaniuliza, kama watu wa huku wanavyouliza bila kuzunguka, "Watoto wako wako wapi?"

Nikamweleza.

"Na unakaa na nani?"

"Na hii gari."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Kulikuwa na joto la watu mle ndani na harufu ya moshi wa kuni kutoka kwenye leso ya mama wa chai. Kisaju ndipo tulipopanga kugeuza. Nikasema kuna kitu bado nakisikia huko nyuma, twende mbele kidogo. Sikuwa nasikia kitu. Fundi alinitazama, akasema twende tu, na tukaenda mbele kidogo.

Siku ya kupokea wageni nilifika uwanjani mapema kupita kiasi. Nilikuwa nimeazima kiti cha mtoto na kukifunga. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemuuliza binti yangu kwa simu kama yule mdogo bado hutapika safarini, naye alikuwa akijibu, "Tutaongea, Mum." Nilitafuta gari refu la wakwe, sikuliona. Nikatafuta nyuso zao mlangoni, sikuziona. Nikajiambia nimewashinda, na nikasimama mbele ya watu wote.

Binti yangu alitoka akivuta begi moja. Nilimkumbatia huku natazama nyuma yake, nikaendelea kuutazama ule mlango hata alipokuwa ameniachilia.

"Ni mimi tu, Mum," akasema.

"Watoto?"

"Wamebaki na baba yao. Tuliachana. Sikujua vile nitakuambia kwa simu."

Watu wa Nkoroi walikuwa wameambiwa. Ndiyo maana hawakuja.

Nililiweka begi lake kando ya kile kiti cha mtoto. Kompresa haikujisumbua hata kunguruma. Akakaa mbele, akafunga mkanda, tukatoka. Tulipita Mlolongo, tukapita Athi River. Tulipoingia barabara ya Namanga nilimuuliza anarudi lini, kwa sababu nilitaka kujua tu siku za kupanga chakula.

"Sijakata ticket ya kurudi."

Furaha ilinijaa kabla sijapata nafasi ya kuizuia. Nilikaza macho barabarani asije akaniona usoni, nikawa naona haya, nikiwaza wale watoto wawili wanaolala leo bila mama yao, na bado furaha ikakataa kutoka.

"Kuna mtu kwa nyumba?" akaniuliza baadaye.

"Hakuna."

"Afadhali," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga linalokwenda polepole. Sikulipita.