Mdomo wa Nyanya kwenye Kompyuta

Kompyuta zilikuwa nne, wanafunzi kumi na tisa, na zamu yako ilikuwa haijakolea mwenzako akaanza kukukoholea mgongoni. Hicho ndicho kilikuwa chuo chetu cha usanifu pale Suna, mjini Migori, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, na nilipenda kuchekesha watu kuliko kusoma.

Mwalimu alitupa kazi ya kutengeneza picha inayosogea. Unachora picha ya kwanza, unainakili, unaibadilisha kidogo, unainakili tena, kisha unaziunganisha zipite haraka moja baada ya nyingine mpaka jicho lidanganyike. Wenzangu walichora mpira unaodunda na saa inayozunguka. Mimi nilimchora nyanya yangu akicheka.

Nyanya ndiye aliyenilea kule Ndhiwa. Aling'olewa meno ya mbele ya chini alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa mila kwa Wajaluo wengi wa rika lake. Nilichora mdomo umefungwa, unafunguka, umepanuka, na mwisho pengo jeusi katikati ya kioo cha kompyuta. Upana wa pengo nilikisia tu. Darasa lilivunjika mbavu.

"Huyo mathe amefungua geti," akasema jamaa mmoja, nami nikacheka kuwashinda wote.

Siku ya kuonyesha kazi zetu, jamaa za wanafunzi walialikwa. Nyanya sikumwambia. Alisikia kwa shangazi yangu, akaja mwenyewe na leso mpya begani na njugu za kukaanga za kumpa mwalimu. Nilipomwona mlangoni nilitamani ardhi inimeze. Nilikimbilia kompyuta niizime, lakini mwalimu alishamvutia kiti.

"Karibu, mama, uone kazi ya mjukuu wako. Imewafurahisha watu kuliko zote."

Akaketi. Mdomo ukafunguka, ukafungika, ukafunguka. Nilikuwa nimeuamuru ujirudie bila kukoma, nao ukatii. Nyuma yangu mtu alianza kucheka, akajizuia.

"Na huyu ni nani?" mwalimu akaniuliza.

"Ni mtu tu," nikasema. "Nilimbuni."

Nyanya alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na hicho kilimtosha. Alisogea karibu na kioo, akahesabu kwa kidole meno ya juu yaliyokabili pengo. Kisha akaniambia kwa Kijaluo, bila hasira, "Umeng'oa manne. Mimi walining'oa sita, na sikulia. Waliolia ndio waliochekwa."

Mwalimu aliniomba nimtafsirie.

"Anasema kazi ni nzuri," nikasema. Nyanya alinitazama, akafungua mfuko wake na kumpa mwalimu njugu zake kwa mikono miwili.

Nilimsindikiza hadi stendi na sikumwomba msamaha. Kesho yake nilirudi darasani nikairekebisha picha, pengo likawa la meno sita, kana kwamba kosa langu lilikuwa la hesabu. Nikapewa alama za juu.

Tangu hapo kila nilipokwenda Ndhiwa, nyanya alicheka akifunika mdomo kwa leso. Nilijiambia ni uzee, watu wakizeeka huingiwa na haya. Siku moja nilimtajia shangazi jambo hilo, naye akanishangaa.

"Kufunika mdomo? Huyu? Hapa anacheka mpaka koo linaonekana."

Aliufunika nikiwepo mimi tu.