Nilimfanya mama aombe msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda

Assalaam alaykum, admin. Nakuomba uniweke bila jina wala picha, kwa maana watu wa Tiwi wamejaa humu na mama yangu anajulikana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nasomea ualimu, niko mwaka wa tatu. Jamani, nisomeni hadi mwisho kwanza, halafu mnitukane. Nitakuwa nimestahili.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Mama ametulea mimi na ndugu zangu wawili kwa kushona makuti ya kuezekea hoteli za Diani. Mwaka jana chuo chetu kilinichagua kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani, na ami zangu wakaja juu. "Mtoto wa kike, peke yake, ughaibuni? Haiwezekani!" Mama, ambaye hata siku moja hapandishi sauti mbele ya shemeji zake, aliweka kuti chini akawaambia, "Mwanangu ataenda. Uchungu wa kumzaa niliuona mimi." Mjadala ukaishia hapo. Huyo ndiye mama ninayemzungumzia.

Huko nilikua, wallahi. Nilijifunza kuendesha baiskeli kwenye baridi, kula peke yangu bila kulia, na kuinua mkono darasani kusema "hapa sijaelewa". Nyumbani nilikuwa msichana wa kuitikia tu. Nilikaa kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye hapa nitamwita Helga. Alinipenda kweli kweli.

Mwisho wa muhula, sisi wanafunzi wageni tulitakiwa kusimama ukumbini tueleze safari hiyo imetukuza vipi. Mwenzangu mmoja alieleza alivyokimbia vita, watu wakalia. Mwengine alieleza alivyofukuzwa na babake. Zamu yangu ilipokaribia nikajiona mtupu. Nisimame mbele ya watu wote wale niseme nimejua baiskeli? Kibri kikaniingia. Nikasema mama yangu alitaka kuniozesha kwa mzee, alinichomea vitabu vyangu, na kwamba nilitoroka nyumbani ili nisome. Hata machozi yalinitoka, sijui niliyatoa wapi. Walisimama wote kunipigia makofi. Helga akanikumbatia mbele ya watu akaniambia, "Sasa una mama mwingine huku." Na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha.

Nikarudi nyumbani nikidhani uongo nimeuacha kule kule. Wiki iliyopita Helga akaja Diani likizo, akanipigia simu kwamba anataka kuonana na mama. Ningemkwepa, lakini mama alikuwa amekaa kando yangu na alilisikia jina. Kabla sijakata simu alishaanza kuulizia samaki wa kupaka.

Siku hiyo mama alimtandikia mgeni mkeka mpya na kumnawisha mikono. Mama hajui Kiingereza, Helga hajui Kiswahili, kwa hivyo nikakaa katikati kuwa mkalimani. Helga akala kidogo, akasema, "Mwambie mama yako kwamba simhukumu kwa aliyokutendea." Nikamgeukia mama nikasema, "Anasema chakula ni kitamu." Mama akacheka, akamwongezea samaki.

Wakati wa kuagana mama alifanya kama tufanyavyo sote pwani mgeni anapoondoka. Alimshika mikono yote miwili akasema, "Mwambie atuwie radhi kwa mapungufu yetu. Tena mwambie namshukuru kwa kunilelea mwanangu." Nami nikafasiri hivi: "Anaomba msamaha kwa yote aliyonitendea, na anakushukuru kwa kuniokoa." Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuyasema maneno ya mama yalivyokuwa, nikaogopa Helga ataanza kuuliza maswali.

Helga akaangua kilio. Mama alipoona mgeni analia naye akalia, wakakumbatiana pale mlangoni. Helga alipoondoka mama akajifuta uso kwa leso akaniambia, "Mzungu huyu ana imani na huruma, mwanangu." Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha nje ili asinione uso. Sijawahi kujiona mchafu kiasi hicho.

Mambo hayakuishia hapo. Helga amepiga simu, atarudi Ijumaa hii baada ya swala. Anataka kumrekodi mama akieleza alivyobadilika, ili video hiyo waonyeshwe wanafunzi wa kule. Na kwa kunihurumia, amesema safari hii nisifasiri, nikae tu na mama yangu. Atakuja na dada wa mapokezi kutoka hoteli anayolala, mzaliwa wa Msambweni, anayezijua lugha zote mbili. Nimesema mama anaumwa, akasema basi ataleta na daktari.

Kumweleza Helga naona nitaweza, hata akinichukia. Mama ndiye siwezi. Nimemwambia tu kwamba Helga anakuja kumrekodi, naye anaamini ni kwa sababu alinilea vizuri. Amewaalika ami zangu wote, wale wale waliokataa nisiende, waje washuhudie. Ukweli ukitokea mbele yao, watamrukia yeye kwanza, kisha mimi. Nikiutoa mapema, itabidi nimtazame usoni nimwambie kwamba nilimuuza kwa makofi, tena nikarudia kumuuza nyumbani kwake mwenyewe, akiwa ameketi kando yangu.

Leo asubuhi alikuwa anashona makuti akaniuliza, "Mwanangu, hao wageni wataniuliza nini?" Nikamjibu sijui. Akavuta kuti jingine, akasema, "Wakiniuliza niliwezaje kukuachia uende mbali vile, nitawaambia ni kwa sababu tangu utotoni hujanidanganya hata siku moja."

Zimebaki siku tatu. Mlio na mama zenu, nishikeni mkono: naanza na neno gani?